Amua: Nyonga ya Paka Wako Haingoji

Paka wa mwaka mmoja bado ana maisha marefu mbele yake. Akilishwa vizuri na kutunzwa ndani, anaweza kufika miaka 15, na wapo wanaopita hapo. Sasa mtazame wa kwako. Ana miezi kumi, manyoya yanang'aa, chakula anakula, lakini mguu mmoja wa nyuma anaukanyagia ncha za vidole tu. Daktari amekutajia nyonga, akakutajia upasuaji, nawe ukarudi nyumbani ukasema utafikiria. Wiki ya kwanza imekatika. Ya pili inaingia. Ndugu yangu, kufikiria kuna mwisho wake. Ukubali upasuaji au uukatae, lakini amua, na uamue mapema, wakati njia zote bado ziko wazi.

Maana usipoamua wewe, mwili wa paka utakuamulia. Msuli wa paja unapungua kila wiki unayosita. Mfupa uliolegea unaendelea kusagika. Na anayelipia kusita kwako ni kiumbe asiyejua hata jina la ugonjwa wake.

Anaumwa, hata kama halii

Wengi hucheleweshwa na ukimya wa paka. "Mbona anakula? Mbona jana kamkimbiza mjusi? Angekuwa anaumwa si angelia?" Hapana. Paka huwinda, lakini naye huwindwa na wakubwa zaidi yake, na mnyama wa namna hiyo akionyesha unyonge hadharani amejiuza. Kwa hiyo huficha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwa paka usisubiri kilio. Hakitakuja, au kitakuja wakati mambo yameharibika.

Kaa naye jioni moja umchunguze kwa makini. Miezi miwili iliyopita alikuwa anaruka kutoka sakafuni hadi kwenye kochi bila kujiuliza. Leo anasimama chini, anapima, anang'ang'ania kitambaa kwa makucha ya mbele, kisha anajivuta juu huku mguu mmoja ukiburuta nyuma. Ngazi anazipanda kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja. Akikaa, mguu mbovu anautupa pembeni. Manyoya ya kiunoni yameanza kushikana kwa sababu hawezi tena kujipinda akajilamba. Siku nyingine anajisaidia nje ya sanduku la mchanga nawe unamfokea, kumbe ukingo wa sanduku umekuwa mrefu mno kwa nyonga ile.

Sasa weka kiganja kimoja kwenye kila paja na ulinganishe. Upande mzima umejaa. Upande mwingine umesinyaa, na unausikia mfupa karibu kabisa na ngozi. Huo ndio ushahidi wako. Mguu wenye nyama ndogo ni mguu usiotumika, na mguu hautumiki kwa sababu unauma.

Nini kimeharibika mle ndani

Nyonga ni kinu na mchi. Kichwa cha fupa la paja, kilicho duara na laini, hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimevikwa gegedu linaloteleza, na mguu unazunguka bila mfupa kukwaruza mfupa. Kwa paka kijana, mpangilio huo huharibika kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni ajali: gari, pikipiki, kuanguka kutoka ghorofani. Mwaka 1987 madaktari wawili wa wanyama wa New York, Whitney na Mehlhaff, walichapisha taarifa ya paka 132 walioletwa kwao baada ya kuanguka kutoka majengo marefu, na asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Watu wameipenda sana hadithi ya paka asiyekufa, wakasahau kwamba hesabu hiyo ni ya paka waliofikishwa kwa daktari. Paka aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne Kariakoo akainuka na kutembea bado anaweza kuwa amevunjika shingo ya fupa la paja, au kichwa cha fupa kimechomoka kwenye kikombe.

Ya pili inawashangaza wengi, kwa sababu haihitaji ajali. Mfupa wa paka kijana una gegedu la ukuaji kati ya kichwa cha fupa na shingo yake, na kwa kawaida gegedu hilo huwa mfupa mtupu kabla paka hajatimiza mwaka. Kwa paka aliyehasiwa mapema hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Dume aliyehasiwa, mwenye uzito uliozidi, ambaye hajafika miaka miwili, ndiye aliye hatarini zaidi: kichwa cha fupa kinateleza polepole na kuachana na shingo yake, na wewe unachoona ni paka anayechechemea kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena. Mguu wa pili nao unaweza kufuata.

Ya tatu ni ya kuzaliwa. Kikombe hakina kina cha kutosha, kichwa kinachezacheza ndani yake, na gegedu linalika. Paka wa aina ya Maine Coon, wenye miili mikubwa, wanajulikana zaidi kwa tatizo hili.

Kwa hiyo usikubali kubaki na neno "nyonga" tupu. Dai kujua ni ipi kati ya hizi, kwa sababu kila moja ina tiba yake na kila moja ina saa yake.

Kuchelewa kuna bei

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye nyonga ukuta huo ni mfupa na nyama. Nyonga iliyochomoka inaweza kurudishwa mahali pake bila kisu kama paka amefikishwa ndani ya siku za mwanzo. Anapewa nusu kaputi, misuli inalegea, daktari anaurudisha mfupa. Siku zikipita, misuli inajikaza na kikombe kinaanza kujaa kovu. Mfupa uliovunjika leo unaweza kushikwa kwa pini nyembamba. Baada ya wiki kadhaa shingo ya fupa imeliwa na kusinyaa, na pini haina pa kushika.

Hata ule upasuaji unaoweza kufanywa baadaye una bei ya kuchelewa. Paka anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na misuli hutoka na kitu cha kuanzia. Aliyeingia na paja lililokauka ana safari ndefu zaidi ya kurudi. Katikati ya hapo kuna siku zote alizoishi na maumivu, kwenye umri ambao alipaswa kupanda miti.

Upasuaji wenyewe si wa kuogofya kama jina lake

Unaofanywa zaidi kwa paka ni huu: kichwa cha fupa la paja na shingo yake hukatwa na kutolewa. Hakiwekwi chuma wala plastiki badala yake. Misuli ya makalio na paja inaushikilia mguu, na kwa wiki kadhaa mwili unajenga kiungo kipya cha kovu gumu. Mfupa uliokuwa unasuguana na mfupa haupo tena, na chanzo cha maumivu kimeondoka nao.

Watu husikia hivyo wakashtuka: mguu bila kiungo? Lakini njia hii si majaribio. Ilianza kwa binadamu. Gathorne Girdlestone, daktari wa mifupa wa Oxford nchini Uingereza, alijulikana kwa upasuaji wa aina hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, akiwatibu watu walioharibiwa nyonga na kifua kikuu. Kufikia mwaka 1961 upasuaji huu ulikuwa umeshaelezwa kwa mbwa, na kwa miongo mingi sasa ni kazi inayofahamika katika tiba ya wanyama wadogo. Na hapa ndipo paka anapotupita sisi. Binadamu anabeba uzito wake wote kwa miguu miwili. Paka ana kilo nne tu, na anazigawa kwa miguu minne. Wepesi ndio unaofanya upasuaji huu ufanikiwe, na paka ni mwepesi kwa maumbile.

Usidanganywe pia kwamba nyonga itarudi kama ilivyoumbwa. Mguu unaweza kuwa mfupi kidogo, na hautanyooka nyuma kikamilifu kama zamani. Mtu mwenye jicho kali anaweza kuona tofauti paka akikimbia. Lakini wengi hukimbia, huruka, hupanda, tena bila maumivu yaliyokuwa yanawakaba.

Kuna pia kuweka nyonga ya bandia, iliyotengenezwa kwa vipimo vya paka na mbwa wadogo. Ni kazi nzuri, lakini ni ghali na inahitaji daktari aliyefunzwa kwa hilo mahususi. Wengi wetu hatutaifikia, na hiyo isikuvunje moyo hata kidogo.

Hofu tatu za kuzikabili

Hofu ya kwanza ni nusu kaputi: "Akilala asiamke je?" Ni hofu ya mtu anayependa, na inastahili jibu la kweli. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya paka wenye afya waliopewa nusu kaputi au dawa za kuwatuliza, waliokufa walikuwa takriban 0.11 kwa mia, yaani mmoja katika kila paka 900 hivi. Paka wako kijana, mwenye moyo na figo nzima, yuko kundi hilo la wenye afya. Utafiti huohuo ulifichua jambo la kukufaa zaidi: vifo vingi havikutokea wakati wa kisu, vilitokea baadaye, hasa katika saa chache za mwanzo. Hivyo usiulize tu nani atapasua. Uliza nani atakaa naye akizinduka, nani atampasha joto, nani atamhesabia pumzi. Kliniki yenye jibu la swali hilo ni kliniki inayojua kazi yake.

Hofu ya pili ni pesa, na hakuna aibu kuitaja. Omba mchanganuo kwa maandishi: picha, nusu kaputi, upasuaji, dawa, marudio. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu. Kaeni kama familia mchange, kwani haba na haba hujaza kibaba. Kisha weka upande wa pili wa mizani gharama ya kutofanya: dawa za maumivu mwezi hadi mwezi, ziara za daktari zisizoisha, na mwishowe huenda upasuaji uleule ukiwa mgumu zaidi.

Hofu ya tatu ni watu. "Pesa yote hiyo kwa paka?" Utaisikia kwa jirani, kwa shemeji, ofisini. Jibu kwa utulivu. Huyu mnyama hakuomba kuja kwako, ulimchukua wewe. Ulimfungia mlango ukamwambia hapa ndipo kwenu. Waislamu wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wamelelewa na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Ujumbe wake hauhitaji kuelezwa sana: ukishamweka kiumbe chini ya mamlaka yako, mahitaji yake yamekuwa deni lako. Na deni halilipwi kwa kuona haya.

Kukataa upasuaji nako ni uamuzi

Sikusukumi kwenye kisu. Nakusukuma kwenye uamuzi. Zipo nyonga zisizohitaji kupasuliwa. Paka mwenye kasoro ndogo ya kuzaliwa anaweza kuishi vizuri kwa kupunguzwa uzito, kupewa dawa za maumivu zinazofaa paka na kuwekewa ngazi fupi za kupandia. Mivunjiko mingi ya mfupa wa nyonga, ile isiyogusa kikombe, hupona kwa kumtuliza paka kizimbani kwa wiki nne hadi sita. Na kwa paka ambaye mguu wote umeharibika, kuukata mguu nako ni njia ya heshima. Paka wa miguu mitatu hukimbia vizuri kuliko unavyodhani.

Lakini mtu aliyechagua njia hiyo anajua kwa nini ameichagua, ana tarehe ya kumrudisha paka kwa daktari, na anajua dalili gani itamfanya abadili mawazo. Huyo ameamua. Anayesema "tuone itakuwaje" hajaamua chochote.

Kazi ya wiki hii

Leo jioni, chukua simu umrekodi paka wako akitembea, akipanda ngazi, akiruka. Kliniki atajikunja kwa woga na daktari hataona kitu. Video itamwonyesha paka wa nyumbani.

Kesho, mpime uzito. Jipime wewe ukiwa umembeba, kisha ujipime peke yako, utoe. Andika.

Keshokutwa, piga simu uombe picha za eksirei, zaidi ya pozi moja: miguu ikiwa imenyooshwa nyuma, na miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa pembeni. Pozi hili la pili linaweza kukamata kichwa cha fupa kilichoanza kuteleza ambacho picha ya kwanza ilikificha. Atahitaji dawa ya kumtuliza, kwa kuwa hakuna paka mwenye nyonga mbovu atakayekubali kunyooshwa hivyo akiwa macho. Kama kliniki ya jirani haina vifaa au haijawahi kufanya kazi hii, waombe wakuelekeze panapofanyika. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kupitia kampasi yake ya Kabete, na Makerere kule Kampala vyote vinafundisha madaktari wa wanyama, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Ukikaa mbele ya daktari, uliza bila haya. Tatizo ni lipi hasa? Mguu wa pili ukoje? Njia isiyo ya kisu itampa nini, na kwa muda gani? Umewahi kumfanyia paka upasuaji huu? Atapewa dawa gani za maumivu, na kwa siku ngapi? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya, hufurahi.

Na wakati wote huo, usimpe dawa ya binadamu. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini nazo ziache kabatini. Huruma isiyo na maarifa imeua paka wengi.

Baada ya kisu, kazi ni yako

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na methali hii ndiyo ya kuibeba katika wiki zinazofuata. Atarudi nyumbani paja limenyolewa, mshono unaonekana wazi, kola shingoni, na moyo wako utataka kumlaza kwenye mto asiguswe. Usimharibie kwa huruma hiyo. Aliyewekewa pini anahitaji kutulizwa, lakini aliyeondolewa kichwa cha fupa anahitaji kutembea. Kiungo kipya cha kovu hujengwa na mwendo. Kikijengwa katika mguu uliotulia tu, kitakuwa kigumu na kifupi.

Kwa hiyo mpe dawa ya maumivu kwa saa yake, asiyeumia ndiye atakayekanyaga. Mpe sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi. Mzuie kuruka kutoka juu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Daktari akikuruhusu, mlaze ubavu, ushike mguu taratibu, uupeleke mbele na nyuma, mara chache kwa siku, ukisimama pale anapokataa. Weka sahani ya chakula mwisho wa chumba ili atembee kuifuata. Wengi huanza kugusa sakafu kwa vidole ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo, kisha wakaanza kuuegemea mguu, na kufikia wiki ya sita hadi ya nane umeshajua umefika wapi. Kama hakanyagi kabisa wakati huo, mrudishe. Usikae kimya naye akae kimya.

Ndugu yangu, paka wako hawezi kukushika mkono akakupeleka kliniki. Hawezi kulinganisha njia mbili wala kuuliza bei. Kila kitu alichonacho katika jambo hili ni wewe: macho yako, simu yako, miguu yako, kauli yako. Wewe umeshajua kinachotokea ndani ya nyonga yake, umejua kwamba umri na wepesi wake vinamsaidia, umejua maswali ya kuuliza na hofu za kujibu. Huna tena sababu ya kusema hujui pa kuanzia. Rekodi ile video leo. Piga ile simu keshokutwa. Mkishaelewana na daktari, iwe ni kupasua au kutopasua, iandike tarehe kwenye kalenda, kisha simama nayo mpaka mwisho.